Spika za nyumbani

*Makala hii inahusu chombo cha kutolea sauti. Kwa kiongozi wa Bunge, tazama Spika wa Bunge.*

Spika ya nyumbani ni chombo kinachogeuza umeme unaotoka kwenye amplifaya kuwa sauti, kikiwa kimetengenezwa kwa ajili ya kusikilizia redio, santuri, kanda, televisheni au muziki wa simu ndani ya nyumba. Hutofautiana na spika za kumbi, za misikiti, za makanisa na za magari ya matangazo, ambazo kazi yake ni kufikisha sauti mbali. Ubora wa spika ya nyumbani hupimwa kwanza kwa uaminifu wake, yaani kiasi ambacho sauti inayotoka inafanana na ile iliyorekodiwa.

Chombo hiki huitwa pia kipaza sauti, lakini jina hilo hutumika vilevile kwa maikrofoni, ambayo hufanya kazi iliyo kinyume. Ndiyo maana mafundi na wauzaji wa Tanzania husema *spika*. Mitaani seti nzima huitwa "muziki" tu: mwenye muziki mkubwa ni mwenye spika kubwa. Neno *sabufa*, ambalo asili yake ni spika inayotoa sauti za chini peke yake, siku hizi humaanisha seti ya boksi moja lenye amplifaya ndani pamoja na spika ndogo za pembeni.

Mifano mingi katika makala hii inatoka Tabora, mji ulioko magharibi mwa Tanzania kwenye njia ya zamani ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Mji huo una historia ndefu ya muziki wa dansi, na misitu ya miombo inayouzunguka hutoa mbao za mninga zinazofaa kwa maboksi ya spika.

## Historia

Kabla ya spika za umeme, sauti ya gramafoni ilikuzwa kwa pembe. Sindano ilifuata mfereji wa santuri, kiwambo kidogo kikatetemeka, na pembe ikaipeleka sauti chumbani. Siti binti Saad wa Zanzibar aliporekodiwa mjini Bombay mwaka 1928, gramafoni za namna hiyo, za kuzungusha kwa mkono, ndizo zilizokuwa za kawaida Afrika ya Mashariki. Bara, vyombo vya viwandani vilisafirishwa kwa Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914.

Wazo la koili inayotembea ndani ya sumaku lilisajiliwa na Oliver Lodge wa Uingereza mwaka 1898. Muundo ambao kimsingi unatumika hadi leo ulielezwa mwaka 1925 na Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa General Electric nchini Marekani. Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur alitoa spika ya AR-1, ambayo boksi lake lilizibwa kabisa ili hewa ya ndani ifanye kazi ya springi. Kuanzia hapo besi nzuri iliweza kutoka kwenye boksi la kuwekwa juu ya rafu. Neville Thiele wa Australia mwaka 1961, na baada yake Richard Small, walionyesha namna ya kukokotoa boksi lenye tundu kabla hata ya kulikata ubao. Hesabu zao ndizo zilizomo leo katika programu zote za kubunia spika.

Nchini Tanganyika utangazaji ulianza mwaka 1951 kwa Sauti ya Dar es Salaam, ukaendelea chini ya Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ukawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa miaka mingi studio ya redio hiyo ndiyo iliyokuwa mahali pakuu pa kurekodia bendi za nchi. Rekodi zilifanywa kwa mono kwenye kanda kubwa za duara, na nyimbo nyingine zilitolewa kwenye santuri zilizotengenezwa Nairobi. Tabora ilichangia bendi tatu zinazokumbukwa sana: Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz ya mtindo wa Segere Matata, ambayo Shem Karenga alikuwa mwimbaji na mtunzi wake.

Wasikilizaji wengi wa nyimbo hizo walikuwa na redio ya transista yenye spika moja ndogo. Redio na betri za National zilitengenezwa katika kiwanda cha Matsushita jijini Dar es Salaam. Spika ile ndogo haikuwa na besi ya maana, lakini maneno yalisikika vizuri sana, na hilo ndilo lililohitajika: kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni 2 waliokaa kwa vikundi kuizunguka redio. Wenye uwezo zaidi walikuwa na radiogramu, yaani kabati la mbao lenye redio, kinanda cha santuri na spika kubwa pamoja.

Baada ya biashara kulegezwa masharti katikati ya miaka ya 1980, redio kaseti za spika mbili zilienea. Zikafuatiwa na deki za CD, kisha sabufa kutoka China ambazo leo zimejaa katika maduka ya vifaa vya umeme kila mji.

## Jinsi spika inavyofanya kazi

Ndani ya spika kuna *koili* ya waya mwembamba iliyogandishwa kwenye shingo ya *koni* ya karatasi, plastiki au kitambaa. Koili hukaa katika upenyo mwembamba wa sumaku. Umeme wa amplifaya unapopita, koili husukumwa mbele na kuvutwa nyuma, koni hufuata, na hewa iliyo mbele yake hutetemeka. Koni hushikwa kwenye fremu kwa *ukingo* wa mpira, sponji au kitambaa.

Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia Hz 20 hadi Hz 20,000. Hakuna koni moja inayoweza upana huo wote vizuri, kwa hiyo kazi hugawanywa: *wufa* huchukua sauti za chini, *twita* huchukua za juu, na spika nyingine huwa na *midi* katikati. *Krosova*, yaani saketi ya koili, kapasita na rezista, huielekeza kila sauti kwa mwenyewe. Spika nyingi za bei nafuu zina kapasita moja tu iliyoungwa na twita. Hilo peke yake si kosa, ila hudhihirisha mahali ambapo mtengenezaji alibana matumizi.

Boksi si pambo. Koni inaposukuma hewa mbele, huvuta hewa nyuma kwa wakati uleule, na sauti hizo mbili zikikutana zinafutana. Spika iliyotolewa kwenye boksi hupoteza karibu besi yake yote.

## Wati na upotoshaji wake

Namba inayoandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote kwenye katoni ndiyo inayofaa kuaminiwa kidogo kuliko zote. Sabufa nyingi huandikwa wati 8,000 au zaidi, zikifuatiwa na herufi PMPO. Hakuna kiwango cha kimataifa kinachoeleza PMPO ipimwe vipi, hivyo kila kiwanda huandika kinachopenda. Kipimo chenye maana ni wati za RMS, yaani nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo.

Mnunuzi anaweza kuhakiki jambo hili dukani bila kifaa chochote. Nyuma ya sabufa kuna kibandiko kinachoonyesha umeme inaoutumia, kwa mfano volti 230, Hz 50, wati 60. Chombo kinachovuta wati 60 kutoka ukutani hakiwezi kutoa wati 8,000 za sauti mfululizo, kwa kuwa nishati haiongezeki njiani. Zaidi ya hayo, wati 8,000 kwenye volti 230 zingehitaji ampea karibu 35, wakati plagi ya kawaida ya pini tatu nchini Tanzania ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Wauzaji wengi hawafurahii sabufa kugeuzwa nyuma namna hiyo, lakini kibandiko kipo pale kwa ajili ya kusomwa.

Hata wati za kweli hazifanyi kazi kama wengi wanavyodhani. Kuzidisha nguvu mara mbili huongeza desibeli 3 tu, badiliko linalosikika lakini dogo. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa maradufu, zinahitajika takriban desibeli 10, yaani nguvu mara 10. Mtu anayeacha amplifaya ya wati 50 na kununua ya wati 100 amelipia desibeli 3.

Linalosahaulika ni *wepesi* wa spika: kiwango cha sauti inayotoa ikipewa wati 1 na kupimwa umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 90 ikipewa wati 25 hufikia takriban desibeli 104. Spika ya desibeli 84 huhitaji wati 100 kufika hapohapo. Wepesi hauonyeshi uzuri wa sauti, bali ukubwa wa amplifaya inayotakiwa. Spika ndogo ya LS3/5A, iliyobuniwa na BBC katika miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya kurushia matangazo, ina wepesi wa karibu desibeli 83 tu. Pamoja na hayo imetengenezwa kwa miongo kadhaa na kampuni mbalimbali chini ya leseni, na wapenzi wa muziki bado wanaitafuta kwa sababu ya jinsi inavyoitoa sauti ya binadamu.

Kipimo kingine ni ukinzani, kwa kawaida ohm 4, 6 au 8. Amplifaya iliyoandikwa ohm 8 ikiungwa na spika ya ohm 4, au na spika mbili za ohm 8 kwa sambamba, hulazimika kutoa mkondo mara mbili. Amplifaya nyingi huungulia hapo.

## Chumba

Spika ileile hutoa sauti tofauti katika vyumba viwili, na mara nyingi tofauti hiyo huzidi ile iliyopo kati ya spika za bei mbili mbalimbali. Sababu ni mawimbi yanayosimama. Katika joto la kawaida la Tabora sauti husafiri takriban mita 345 kwa sekunde. Kati ya kuta mbili zilizoachana mita 4, wimbi la Hz 43 hurudi na kujikuta mahali palepale, likajikuza. Mtu aliyekaa karibu na ukuta atasikia noti hiyo ikinguruma, na aliyekaa katikati ya chumba hataisikia kabisa. Sebule ya mraba ni mbaya kuliko zote, kwani urefu na upana huikuza noti ileile.

Nyumba nyingi za Tabora, kuanzia kata za katikati ya mji kama Chemchem hadi pembezoni, zina kuta za matofali zilizopigwa plasta, sakafu ya saruji na paa la bati. Nyuso hizo ngumu hazinyonyi sauti, hivyo maneno hurudi kama mwangwi na twita huonekana kali. Mahali pasipo na dari, sauti hupita juu ya kuta hadi vyumba vingine, na bati lenyewe hulia linapopigwa na besi. Wakati wa masika mvua juu ya bati humeza muziki wowote wa kiwango cha kawaida. Hakuna spika inayotibu hilo. Dari hutibu kwa sehemu.

Dawa nyingine ni za gharama ndogo. Makochi ya kitambaa, pazia nzito, zulia, rafu yenye vitabu na godoro la pamba lililosimamishwa ukutani nyuma ya msikilizaji hupunguza mwangwi. Mkeka hupunguza kidogo tu, maana ni mwembamba.

Mahali pa kuweka spika pana uzito uleule. Kila uso ulio karibu sana na spika (sakafu, ukuta wa nyuma, ukuta wa pembeni) unaweza kuongeza sauti za chini hadi desibeli 6. Sabufa iliyosukumwa kwenye kona ina besi kubwa, lakini ni besi ya kona. Kwa spika mbili za stereo, kanuni inayokubalika ni kuzitoa ukutani sentimita 50 hadi 100, kuzisimamisha twita zikiwa usawa wa masikio ya aliyekaa, na kufanya pembetatu yenye pande zinazokaribiana kati ya spika hizo na msikilizaji. Kuzifungia ndani ya kabati la vyombo, kama inavyofanyika katika sebule nyingi, hunguruisha sauti na kuvifanya vikombe viimbe.

Kwa sabufa kuna njia rahisi ya kupata mahali pazuri: huwekwa kwa muda juu ya kochi anapokaa msikilizaji, unapigwa wimbo wenye besi inayotembea, kisha mtu hupita akiinama karibu na sakafu kuzunguka chumba. Pale ambapo noti zote za besi zinasikika kwa usawa ndipo sabufa inapowekwa.

## Kulinganisha spika

Kulinganisha spika mbili kwa haki ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Floyd Toole, aliyefanya utafiti katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada na baadaye kampuni ya Harman, alitumia miaka mingi kuwaketisha watu nyuma ya pazia na kuwapa spika za bei mbalimbali. Mwaka 1994 yeye na Sean Olive walionyesha kwamba wasikilizaji walewale walitoa alama tofauti walipoziona spika na walipofichwa. Ukubwa, sura na jina la spika viliyavuta masikio yao, hata ya wale wenye uzoefu. Jambo lingine lililodhihirika katika utafiti wao ni kwamba, macho yakiondolewa, watu wengi hupenda spika zilezile: zile ambazo sauti yake haijaongezwa wala kupunguzwa mahali fulani, kutoka chini hadi juu.

Adui wa kwanza wa ulinganishaji ni kiwango cha sauti. Spika iliyo juu kwa desibeli 1 tu huonekana bora, ingawa msikilizaji hajui kwamba imezidi. Muuzaji anayetaka kuuza seti fulani huhitaji tu kuipandisha kidogo. Kwa hiyo kabla ya kusikiliza, spika zote mbili hupigishwa mvumo uleule (mshindo wa redio ya FM isiyo kwenye stesheni unatosha), na kiwango husawazishwa kwa programu ya simu ya kupima desibeli. Simu inaweza kukosea kipimo halisi, lakini ikibaki mahali pamoja inatosha kusawazisha spika mbili.

Kisha spika hufichwa. Kitambaa chepesi cha chandarua kilichokunjwa mara mbili hupitisha sauti karibu yote, na taa ikiwekwa upande wa wasikilizaji kilicho nyuma hakionekani. Spika zinapaswa kusimama mahali pamoja kwa zamu, na kubadilishana kuwe kwa haraka, kwani kumbukumbu ya sikio kuhusu rangi ya sauti ni fupi. Watafiti wamegundua pia kwamba kasoro hujitokeza zaidi ikipigwa spika moja peke yake kuliko zikipigwa mbili kwa stereo.

Hapo ndipo rekodi za zamani za Radio Tanzania zinapokuwa na faida ya pekee, maana ni za mono tangu mwanzo. Rekodi ya dansi ya miaka ya 1960 au 1970 ina sauti za binadamu, magitaa mawili au matatu yanayojibizana, tarumbeta au saksofoni, gitaa la besi na tumba, vyote vikiwa vimepigwa pamoja mbele ya maikrofoni chache. Spika nzuri hutenganisha gitaa la solo na la ridhimu, hata pale yanapopita katika noti zilezile. Spika mbaya huyafanya kuwa gitaa moja. Rekodi hizo hazikubeba besi nzito sana, kwa hiyo sabufa inayozifanya zitikise kiti mara nyingi inaongeza kitu chake yenyewe. Wapo wanaokipenda kitu hicho, na si dhambi, lakini hakikuwamo kwenye kanda.

Jaribio la pili ni taarifa ya habari. Kila mtu anaijua sauti ya mwanadamu. Msomaji mwanamume akisikika kama anazungumzia ndani ya pipa, boksi linanguruma. Herufi *s* zikichoma, twita imezidi. Jaribio hilo huchukua dakika moja na halihitaji wimbo wowote.

Kwa kukadiria besi ya chini, gitaa la besi la nyuzi nne lililosawazishwa kwa kawaida lina uzi wa chini wa Hz 41. Spika ndogo ya rafu huanza kupungua nguvu mahali fulani kati ya Hz 50 na 80, nayo bado inaweza kutosheleza, kwa sababu ubongo hukamilisha noti kutokana na mawimbi ya juu yake.

## Kuboresha seti

Mwenye seti tayari hapaswi kuanza kwa kununua. Hatua isiyogharimu kitu ni kuzihamisha spika na kukagua jinsi zilivyoungwa. Spika moja ikiwa imegeuzwa, chanya kwenye hasi, koni moja huenda mbele wakati nyingine inarudi nyuma. Besi hupotea na mwimbaji hasikiki katikati. Kosa hili ni la kawaida sana baada ya kuhama nyumba. Hukaguliwa kwa betri ya volti 1.5: chanya ya betri ikigusishwa kwa kitambo kwenye chanya ya spika, koni ya wufa hutoka nje. Ikiingia ndani, alama zimegeuzwa.

Hatua ya pili ni kuongeza au kubadili spika zenyewe, na hapa ndipo fedha nyingi zinapostahili kwenda, kwa kuwa spika na chumba huamua sauti kuliko amplifaya, kicheza muziki au waya. Jozi moja ya spika za mtumba za kampuni yenye sifa, kama KEF au Bowers & Wilkins za Uingereza, ikiungwa na amplifaya ya kawaida iliyo nzima, kwa kawaida huipita sabufa mpya yenye taa za rangi. Kabla ya kulipa, mnunuzi hufungua vitambaa vya mbele na kukagua ukingo wa koni, husukuma koni taratibu kwa vidole vyote kusikia kama koili inakwaruza, na hupima kwa mita. Spika ya ohm 8 iliyo nzima husoma takriban ohm 5.5 hadi 7. Isiposoma kitu, kuna waya uliokatika.

Waya wa spika huuzwa kwa maelezo mengi kuliko inavyostahili. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, uleule wa kufungia taa za nyumba, una ukinzani wa takriban ohm 0.12 kwa mita 5 kwenda na kurudi. Kwa spika ya ohm 8 hiyo ni kama asilimia 1.5, na sikio halitambui. La kuangalia ni kama kweli ni shaba: waya wa alumini uliopakwa shaba hukwanguliwa kwa kisu na huonekana mweupe ndani.

Umeme wenyewe una sehemu yake. Volti zinazopanda na kushuka, na hasa mshtuko wa umeme unaporudi baada ya kukatika, huua amplifaya nyingi kuliko muziki. Kuchomoa plagi umeme unapokatika ni bure, na stabilaiza hugharimu chini ya matengenezo.

## Maboksi na mbao za mninga

Fundi seremala anayejua kazi yake anaweza kutengeneza boksi lisilozidiwa na la kiwandani. Viwanda hutumia MDF, ambayo haina nyuzi na hukatika vizuri, au chipubodi, ambayo ni nafuu lakini huvimba ikipata maji na hushika skrubu vibaya. Mninga wa miombo ya Tabora ni mzito wa kiasi, hausinyai sana unapokauka, na kiini chake hakishambuliwi kirahisi na mchwa. Ubao lazima uwe umekauka kabisa, kwani boksi la mbao mbichi hufunguka viungo na kuvuja hewa. Mbao hizo hutakiwa pia kuwa na vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, maana uvunaji holela umekwisha kuiumiza misitu ya mkoa huo.

Anayenakili boksi la zamani anapaswa kulinda ujazo wa ndani katika lita, hata akibadili umbo. Ubao ukiongezwa unene, vipimo vya nje huongezwa pia. Tundu la mbele lisibadilishwe kipenyo wala urefu, kwani vipimo hivyo viwili pamoja na ujazo ndivyo vinavyoamua besi. Unene wa milimita 18 hadi 25 na fito ya kukaza katikati hutosha kwa boksi la ukubwa wa kawaida. Likigongwa kwa kifundo cha kidole, boksi zuri hutoa sauti fupi iliyokufa, na boksi bovu huitika kama ngoma. Ndani hutandikwa pamba au sufi kwenye kuta bila kuziba tundu. Pamba inalimwa palepale mkoani, Igunga na Nzega. Tundu lifunikwe kwa wavu mwembamba, kwa sababu lisilo na wavu hukaribisha panya na nyigu.

## Matengenezo

Ukingo wa sponji huoza baada ya miaka kumi hadi ishirini, hata kama spika haijatumika, na hugeuka unga ukiguswa. Ukingo wa mpira hudumu zaidi. Kubadilisha ukingo ni kazi ya gundi na subira ambayo mafundi redio wengi huiweza, mradi koni ikae katikati kabla gundi haijakauka. Spika zikiwa jozi, zote mbili hutengenezwa pamoja. Ikisukwa koili moja tu, tena kwa waya wa unene tofauti, pande mbili hazitalingana tena.

Twita nyingi huungua kwa amplifaya ndogo iliyolazimishwa. Amplifaya ikifika mwisho wa uwezo wake, vilele vya wimbi hukatwa bapa, na wimbi lililokatwa hubeba nguvu nyingi ya sauti za juu ambayo twita haikutengenezewa. Dalili yake ni sauti kuwa kali na ya kukwaruza. Dawa ni kuteremsha sauti mara moja, wala si kupunguza trebo.

Vumbi la kiangazi hufutwa kwa brashi laini. Kitambaa chenye maji hakifai kwenye koni ya karatasi.

## Masikio na majirani

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila kuhatarisha masikio, lakini desibeli 90 kwa saa 4 tu. Kila ongezeko la desibeli 3 hupunguza muda huo kwa nusu. Upotevu unaotokana na kelele huanza katika sauti za juu na hauponi.

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za mwaka 2015 zinazoweka viwango vya kelele na mitetemo, na usiku viwango huwa vya chini kuliko mchana. Katika nyumba za kupanga, ambamo wapangaji hutenganishwa na ukuta mmoja, tatizo huwa ni besi zaidi kuliko wimbo. Wimbi la Hz 40 lina urefu wa zaidi ya mita 8, nalo hupita ukutani na juu ya ukuta usio na dari bila kupungua sana, wakati maneno na magitaa yanabaki chumbani. Mwenye muziki husikia wimbo mzima, jirani husikia mdundo peke yake. Sabufa ikiondolewa kwenye ukuta wa pamoja na kuinuliwa juu ya vipande vya mpira, sehemu ya mtetemo unaopitia sakafuni hupungua, lakini unaopitia hewani hupungua kwa kuteremsha kitufe cha besi tu.